Mnatuuzia "klasta" ya seva 3, kumbe diski za mashine pepe ni mafaili yaliyofungiwa kwenye seva moja!

Wakuu, salaam. Nina hasira na sitaificha.

Sisi ni chama cha akiba na mikopo, wanachama wetu wengi ni mama lishe na wachuuzi wa samaki. Tulimlipa mkandarasi atufungie klasta ya Proxmox (programu ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta zilizoundwa ndani ya seva) yenye seva 3 zinazofanya kazi kama kundi moja, ili moja ikifa kazi isisimame. Alisema hivyo mbele ya bodi, na mkataba unasema hivyo.

Jumanne iliyopita seva ya pili ikafa, madabodi imeungua. Nodi mbili zilizobaki (nodi ni kila seva ndani ya klasta) zina kura 2 kati ya 3, ndio wingi, kwa hiyo klasta iliendelea. Baada ya dakika chache mashine pepe namba 102, yenye hesabu zote za wanachama, ikatokea kwenye nodi ya kwanza. Nikashusha pumzi. Nikangoja iwake. Haikuwaka. Nasoma kosa: faili la diski yake, la aina ya qcow2, /mnt/data/images/102/vm-102-disk-0.qcow2, halipo.

Halipo! Kilichohama ni kile kifaili cha maelezo ya mashine, mistari michache tu, kwa sababu folda ya /etc/pve hunakiliwa kwenye nodi zote. Diski yenyewe, GB 300 na ushee, imebaki ndani ya seva iliyokufa.

Nikafungua mipangilio ya hifadhi. Folda ya kawaida kabisa, na kisanduku cha "Shared" kimetiwa tiki. Jamani, tiki ile hainakili chochote wala haiunganishi chochote! Inaiambia klasta tu kwamba folda hii ina vitu vilevile kila nodi, na klasta inaamini. Huku kwetu kila seva ina /mnt/data yake, jina moja, yaliyomo tofauti. Maelezo ya programu yenyewe yanalisema hili waziwazi, kwa hiyo programu siilaumu. Namlaumu aliyetia tiki. Angejaribu kuhamisha mashine moja tu siku ya makabidhiano, ingegoma palepale.

Bekapu je? Zilikuwa zinakwenda /mnt/data/dump ya seva hiyohiyo. Diski ileile!

Tulikaa siku mbili. Diski zilikuwa nyuma ya kadi ya RAID (inayoziunganisha diski kadhaa zifanye kazi pamoja), kwa hiyo ilibidi itafutwe seva yenye kadi ya aina ile ndipo zisomeke. Muda wote huo karani anaandika kwenye kaunta buku kwa kalamu. Mama mmoja alikuja kuchukua ada ya mwanawe anayeingia kidato cha kwanza. Alikaa kwenye benchi tangu saa 2 asubuhi hadi saa 9 alasiri, kitabu cha akiba amekishika mapajani, tukamrudisha mikono mitupu. Yeye qcow2 haijui. Anajua pesa yake iko kwetu na tumemnyima.

Sisemi diski ya faili ni mbaya. Ukiyaweka mafaili hayo kwenye NFS (folda inayotolewa kupitia mtandao) ambayo nodi zote zinaiona, mashine itawaka popote, ila ujue kwamba kile chombo cha NFS kikifa vyote vimekufa, kwa hiyo kilindwe. Huna pesa? Tumia ZFS (mfumo wa kuhifadhi data kwenye diski) na unakili diski kwenda nodi nyingine kila dakika 15, halafu umwambie mteja kwa mdomo wako kwamba anaweza kupoteza kazi ya dakika 15. Seva 3 zenye diski na mtandao wa kutosha zinabeba hata Ceph (hifadhi inayoweka nakala za data kwenye seva kadhaa kwa pamoja). Zote hizi zinajadilika. Kisichojadilika ni kumtilia mtu tiki na kumwambia yuko salama.

Na kuna jingine nimeligundua jana: mashine 4, kila moja imeahidiwa GB 500, kwenye diski ya TB 1. Mafaili ya qcow2 hukua taratibu, kwa hiyo leo yanatosha. Siku diski ikijaa, mashine zinaganda katikati ya kazi. Hili nalo hakutuambia.

Sasa ametuma ankara mpya ya "maboresho". Nimemjibu kwamba aje Jumatatu. Akimaliza nitachomoa waya wa umeme wa seva ya pili mbele yake na mbele ya mwenyekiti. Mashine 102 isipowaka kwingine, sisaini, na hatalipwa hata senti.