Matone ya polio aina ya pili: yaendelee au tubaki na sindano?

Tunguli (mleta mada)
Wakuu, kila kampeni ya nyumba kwa nyumba ikitangazwa maswali ni yaleyale, na majibu yanatolewa nusunusu. Nianze na yanayojulikana. Polio ya asili aina ya pili ilionekana mara ya mwisho India mwaka 1999, na mwaka 2015 ikathibitishwa kuwa imetokomezwa. Aprili 2016 aina hiyo ikaondolewa kwenye matone ya kawaida ya watoto duniani kote. Hata hivyo bado inapoozesha watoto, kwa sababu kirusi kinachozunguka kimetokana na matone yenyewe. Yakaletwa matone mapya, nOPV2, yaliyotengenezwa yasibadilike kirahisi, yakaanza kutumika Machi 2021. Machi 2023 Burundi ikatangaza mlipuko, na vipimo vikaonyesha kirusi kimezaliwa na hayohayo matone mapya. Mashariki mwa Kongo vivyo hivyo.

Hoja yangu: Marekani na Ulaya wanachoma sindano ya kirusi kilichouawa, ambacho hakiwezi kubadilika. Kwa nini sisi bado tuko kwenye matone? Na kirusi kikishabadilika, chanjo ileile inakizuiaje?

Hadubini
Nianze na swali la pili, maana ndipo watu wengi wanapochanganya mambo.

Korona ilipobadilika kuwa Omicron mwishoni mwa 2021, mabadiliko zaidi ya 30 yalikuwa kwenye ile miiba ya nje ambayo kingamwili hushika. Kirusi kilijificha, na kinga dhidi ya maambukizi ikashuka sana, ingawa kinga dhidi ya ugonjwa mkali ilishikilia zaidi. Mafua ndiyo tabia yake, ndiyo maana mchanganyiko wa chanjo yake hupitiwa upya mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba.

Polio haifanyi hivyo. Kirusi cha matone kinapobadilika kinarudisha makali, lakini sura yake ya nje inabaki ileile kwa kiasi kikubwa. Sindano nyingi za polio hadi leo zimetengenezwa kwa mbegu za virusi vya miaka ya 1940 na 1950, na bado zinazuia kupooza. Kwa hiyo Burundi kirusi hakikuishinda chanjo. Kilikuta watoto ambao hawakuchanjwa.

Sasa kubadilika kwenyewe. Kirusi cha polio kina herufi za vinasaba karibu 7,500. Katika matone ya zamani ya aina ya pili, ulegevu wake ulishikiliwa na sehemu chache mno. Herufi moja muhimu, ile ya nafasi ya 481, hugeuka ndani ya siku chache tu kirusi kikiwa tumboni mwa mtoto. Kwenye nOPV2 eneo hilo limejengwa upya, kiasi kwamba badiliko moja halitoshi. Mwanya uliobaki ni kubadilishana vipande na virusi jamaa vinavyoishi utumboni, na ndivyo ilivyotokea kwa vile vya Burundi na Kongo. Hatari imepungua sana ukilinganisha na matone ya zamani, ila haijafika sifuri.

Bomba Safi
Naunga mkono mleta mada. Hadubini umekiri mwenyewe kwamba hatari haijafika sifuri. Sindano ni sifuri. Na kisingizio cha gharama kina jibu: badala ya mililita 0.5 kwenye msuli, unachoma 0.1 ndani ya ngozi, dozi moja inakuwa tano. Dozi mbili ndogo za namna hiyo zinatoa kinga nzuri kuliko dozi moja kamili. Wanaochoma BCG, chanjo ya kifua kikuu, tayari wanajua kuchoma ndani ya ngozi, na India wamefanya hivyo nchi nzima. Matone ya kawaida anayopewa mtoto leo yana aina ya kwanza na ya tatu tu. Kinga yake ya aina ya pili inatoka kwenye sindano peke yake, basi tuwekeze hapo.

Hadubini
Mkuu, sindano inaweka kingamwili kwenye damu. Kirusi kikitoka utumboni kwenda kwenye neva za uti wa mgongo kinakamatwa njiani, mtoto hapoozi. Lakini utumboni kirusi kinaendelea kuzaliana na kutoka na choo kwa wiki kadhaa. Israel walikuwa wanatumia sindano tupu tangu 2005, wakaja kukuta polio ya asili kwenye maji taka mwaka 2013, inazunguka miezi bila mtoto hata mmoja kupooza. Wakarudisha matone kuizima. Mwaka 2022 aina ya pili iliyotokana na matone ilionekana kwenye maji taka ya London, na jimbo la New York mtu mmoja ambaye hakuchanjwa akapooza. Wenzetu wana mabomba ya maji taka yaliyofunikwa na bado kilipita. Kambi ya wavuvi ufukweni mwa Ziwa Tanganyika isiyo na vyoo vya kutosha itakizuia na nini?

Matone ni kirusi hai, yanaota utumboni na kujenga kinga palepale mlangoni. Tena mtoto aliyepewa humwambukiza jirani kile kirusi dhaifu, naye anapata kinga. Tabia hiyohiyo ndiyo inayokipa nafasi ya kubadilika. Huwezi kuichukua nusu.

Pakiti ya Barafu
Wote mnabishana kana kwamba kazi inafanyika ilivyoandikwa kwenye mwongozo. Kampeni mbovu ya matone ni mbaya kuliko kutokuwa na kampeni, na hapo Bomba Safi ana pointi ambayo hakuisema.

Ukichanja asilimia 60 ya kata, umeingiza kirusi hai katikati ya asilimia 40 wasio na kinga. Kinaanza kuhama toka tumbo hadi tumbo, na kila tumbo ni nafasi mpya ya kubadilika. Ukichanja 95, kinakosa pa kwenda, kinakufa. Ndiyo maana mwongozo unataka raundi ya kwanza ndani ya siku 28 tangu mlipuko uthibitishwe, halafu angalau raundi ya pili kwa haraka, kabla kirusi cha kampeni hakijapata muda wa kusafiri.

Mambo yanayoharibika ni yale yale. Timu inapaka wino kidole kidogo cha kushoto kabla ya tone kuingia mdomoni, mtoto anageuza kichwa, tone linaishia shavuni, kidole tayari kina alama. Nyumba inaandikwa imefungwa, hakuna anayerudi jioni. Familia zilizovuka mpaka juzi hazimo kwenye orodha ya balozi wa nyumba kumi. Kichupa cha dozi 50 kinakaa juani: tazameni kile kimraba ndani ya duara kwenye kichupa. Kimraba kikiwa cheupe kuliko duara, tumia; rangi zikilingana au kikiwa cheusi zaidi, tupa. Na kila kichupa cha nOPV2, kitupu au kizima, kinahesabiwa na kurudishwa, kwa sababu kinachosahaulika kwenye jokofu la zahanati kinaweza kuja kutumika bila mpango.

Sindano nayo ina shida yake. Ikiganda imekufa, na kutikisa kichupa kama mnavyofanya kwa pentavalenti, ile chanjo ya magonjwa matano, hakutakuonyesha chochote, kwa sababu haina aluminiamu inayotuama. Kwa hiyo kwenye boksi isigusane na barafu iliyoganda.

Tunguli
Sawa, na kinga inadumu muda gani? Nasikia "ya maisha", halafu kampeni nyingine inakuja mtoto yuleyule anapewa tena.

Hadubini
Kinga ya kutopooza, ukikamilisha ratiba, inadumu miaka mingi mno na pengine maisha. Ya utumbo hufifia mapema zaidi, na aliyechanjwa zamani anaweza kukibeba kirusi bila kuumwa. India walipima jambo zuri: watoto waliowahi kupata matone, wakiongezewa sindano, kinga ya utumbo inaamka upya vizuri kuliko kuongezewa matone mengine. Sindano bila matone kabla yake haifanyi hivyo. Kwa mtoto wetu, sindano ya wiki ya 14 na dozi ya pili ni za lazima, na matone ya mlipuko yanajenga kile ambacho sindano haikigusi. Kumrudia si kosa, maana tone la leo linaweza kushindwa kuota kwa sababu ya kuhara au virusi vingine tumboni.

Pia kumbukeni aina ya pili hupoozesha takribani mmoja kati ya 2,000 wanaoambukizwa. Rukwa walipopata mtoto mmoja mwaka 2023, maana yake wengine wengi walishapita nacho kimya.

Bomba Safi
Nakubali hoja ya utumbo. Sikubali kwamba tutalijua tatizo kwa wakati. Sampuli za choo zinatakiwa mbili, zipishane saa 24, ndani ya siku 14 tangu mtoto aanze kulegea viungo, zisafiri kwenye baridi mpaka maabara ya Entebbe, Uganda. Ngapi zinafika hivyo kutoka vijijini?

Hadubini
Hapo una haki, na saa ya kupima uzembe huo ipo. Kipande cha vinasaba vya kirusi kiitwacho VP1, herufi kama 900, hubadilika karibu herufi 9 kwa mwaka. Kirusi cha aina ya pili kinahesabiwa kuwa cha hatari kikifikisha mabadiliko 6. Kikikutwa kwa mara ya kwanza kikiwa na 20, ujue kimezunguka zaidi ya miaka miwili bila kuonekana.

Pakiti ya Barafu
Basi mimi nadai kitu kimoja tu. Baada ya raundi ya kwanza kila eneo linakaguliwa watoto 60. Wakikutwa zaidi ya 3 bila alama ya wino, eneo limefeli. Matokeo hayo yabandikwe kwenye ofisi ya kata kabla ya raundi ya pili, na palipofeli parudiwe kwanza.