Hivi mwili wangu ndio ulioziba bomba la mji mzima?

BintiWaKikwajuni:

Nimetoka mkutanoni sasa hivi, hata buibui sijalivua. Mnamjua bwana mwenye mkutano. Yule yule. Wa shati kachomekea mpaka kifuani, kila akivuta pumzi anasema "wadau". Jina silitaji, kesho nisije nikaitwa kwa sheha.

Tumeitwa skuli, eti tutoe maoni juu ya ada ya majitaka. Maoni! Karatasi ya viwango ishachapwa, ishagongwa muhuri, yaliyobaki ni soda na sambusa. Haya. Nikanyoosha mkono kwa adabu zangu, nikatoa salamu, nikauliza: mimi wa Ng'ambo hapa Unguja, nje ya Mji Mkongwe, choo changu kinaingia kwenye karo, yaani shimo la majitaka, karo likijaa natafuta gari la kunyonya kwa pesa yangu. Bomba la majitaka nalisikia kwa watu wa Mji Mkongwe, na hilo lao lenyewe linamwaga baharini. Sasa hii ada nalipia bomba lipi?

Bwana yule akavua miwani. Akanitazama kuanzia ushungi mpaka ndara, akarudi tena juu taratibu kama fundi cherehani anayekadiria kitambaa. Akasema, kwenye kipaza sauti: "Mama, kwa umbo hilo, wewe ungelipia nyumba mbili."

KWENYE KIPAZA SAUTI.

Watu wakaangua kicheko. Sheha kacheka. Bi kizee niliyekaa naye, ambaye hajacheka tangu Mapinduzi, kacheka mpaka meno ya bandia kayashikilia kwa mkono. Na mume wangu, ah, mume wangu kainamia simu, mabega yanamtikisika.

Sisemi ada isiwepo. Nasema, nyumba MBILI? Mwili huu nimeulea kwa biriani za watu wenye heshima zao, haudaiwi na serikali hata shilingi. Na mashaallah yenyewe hakusema! Toka pale mgongo unaniuma, ni jicho lile tu.

Kipaza sauti, jamani. Mpaka wauza ndizi wa nje wamesikia. Nafika getini, kijana wa bodaboda ananiuliza: "Mama, nikupakie yote kwa mara moja au nyumba moja moja?"

MzeeWaBaraza:

Pole mwanangu. Ila hebu tuweke sawa, nyumba mbili za chini au za ghorofa?

FundiMakaro:

Tuache utani kidogo. Ada ya majitaka kwa kawaida hukadiriwa kwa maji unayotumia, maana mita ya maji ipo, ya choo haipo. Unene wa mtu haumo kwenye hesabu. Halafu kuna wanaosema mkopo ulishajenga bomba, wanachanganya. Ule mkopo wa Benki ya Dunia wa 2011, uliojenga ukuta wa bahari wa Mizingani na mitaro, ile ni mitaro ya mvua, si ya vyoo. Na mkopo hujenga tu. Kuzibua kila siku, umeme wa pampu, mishahara ya mafundi, hivyo hukosi kuvitafutia ada. Hata sisi wa makaro tumo, gari likishanyonya ule uchafu hauyeyuki hewani, lazima upelekwe mahali na ushughulikiwe. Swali la kuuliza ni kwa nini mwenye karo alipe sawasawa na mwenye bomba.

BintiWaKikwajuni:

Fundi, nimekuuliza mambo ya pampu mimi? Nimekwambia KIPAZA SAUTI.

PwaniMalindi:

Nyinyi mna nafuu, karo lako unalijua lilipo. Sisi Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu 2000, na bomba likiziba kichochoroni mtalii anapita kajiziba pua kwa ramani. Mimi ugomvi wangu ni mmoja: hoteli yenye bafu kila chumba isije ikawekwa kundi moja na bibi yangu anayekoga kwa ndoo.

MzeeWaBaraza:

Bibi yako naye ana umbo gani?

MtotoWaWete:

Unguja mnagombania bomba. Pemba sisi hata huo mkutano wa kutukanwa hatujaitwa.

MpitaNjia:

Wa kulipishwa nyumba mbili namjua mimi, ni jirani yangu. Anasubiri masika. Mvua ikishika tu anafungulia karo lake liende na maji ya mtaro, asubuhi lote liko mlangoni kwangu. 2016 skuli zilifungwa kwa kipindupindu, yeye wala hakushtuka.

FundiMakaro:

Wa hivyo wengi, wanakwepa pesa ya gari.

MtotoWaWete:

Na pampasi mitaroni je? Nani analipia pampasi?

PwaniMalindi:

Usinikumbushe pampasi. Juzi imenidondokea kutoka ghorofa ya pili, mtupaji kanichungulia na kuniambia "kumradhi, kaka", dirisha akafunga.

BintiWaKikwajuni:

Jamani, turudi kwenye mada. Mume wangu ALICHEKA. Leo ale kwa sheha.

MzeeWaBaraza:

Mwanangu, hizo biriani za watu wenye heshima zao ni mtaa gani?

MtotoWaWete:

Pampasi ya mtoto au ya mkubwa, Malindi?

PwaniMalindi:

Ya mkubwa.

MpitaNjia:

Wallahi jirani yumo humu humu. Kanitumia ujumbe saa hii, anauliza kwa nini namsema hadharani. Na mbingu huku kwetu imeshaanza kunguruma. Mwenye magunia ya mchanga aniambie bei.