Kukatazwa Kiswahili kazini: nina haki gani?

Kutoka: Neema, Leicester, 22 Machi 2023

Shikamooni kaka na dada zangu, wadogo hamjambo.

Nafanya kea, yaani kutunza wazee, kwenye nyumba ya wazee hapa Uingereza, huu ni mwezi wangu wa saba kazini. Tuko Waswahili wawili, mimi na mwenzangu wa Mombasa. Jumatatu ya tarehe 13 tulikuwa chumba cha mapumziko tunakunywa chai, ananisimulia mahari ya mdogo wake, tunacheka. Meneja akafungua mlango, akasema hapa ni Kiingereza tu. Kesho yake ikabandikwa karatasi juu ya birika la umeme: Kiingereza saa zote, hata mapumzikoni. Waromania wakiongea chao hakuna anayewagusa. Nilipouliza, nikaambiwa ninyi sauti zenu zinasumbua. Wiki hii rota, ratiba ya zamu, imetoka, sisi wawili tumepangwa usiku mfululizo, na hatukuwa watu wa usiku.

Viza yangu iko mikononi mwao. Nidai, au ninyamaze nile changu?

Kutoka: Said, Reading, 22 Machi

Marahaba mdogo wangu. Nyamaza. Mwajiri akijitoa kwenye udhamini, Home Office, wizara ya mambo ya ndani, wanakukatia viza, kwa kawaida unabakiwa na siku 60 za kutafuta mdhamini mwingine. Siku 60 zinaisha ukiwa bado unasubiri kuitwa usaili. Kiswahili kipo, ongeeni kwenye basi. Umefuata boksi, beba boksi.

Kutoka: Mama Tatu, Birmingham, 23 Machi

Said, hizo siku 60 ni kweli, ila umemtisha mtoto wa watu kwa nusu ya habari.

Neema, marahaba. Kabla ya yote fungua kalenda. Maneno yalitamkwa tarehe 13 Machi: muda wa kudai ni miezi mitatu kasoro siku moja, hesabu, unafika 12 Juni. Karatasi ni ya tarehe 14, kwa hiyo 13 Juni. Kabla ya hapo lazima uwe umefika ACAS, shirika la kusuluhisha migogoro ya kazi, kwa simu au kwa fomu yao ya mtandaoni, maana bila hati yao mahakama ya kazi haikupokei. Waliowahi kufika CMA, tume ya usuluhishi na uamuzi kule Dar, watanielewa, ni kama ile hatua ya usuluhishi, ila ACAS hawahukumu. Wanapiga simu kwako, wanapiga kwa mwajiri, wanaona kama mtapatana. Jambo lako likiwa kwao saa ya kudai inasimama, kwa mwaka huu wa 2023 ni hadi wiki sita. Lakini usiwaendee tarehe 11 Juni.

Nalisema hili kwa uchungu. Mwaka 2016 nilirukwa cheo, akapewa binti niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe. Nikaandika malalamiko rasmi. Wakaita kikao, wakaahirisha, afisa akaenda likizo, nikajibiwa hapana, nikakata rufaa humohumo ndani. Barua ya mwisho ilinifikia mwezi wa tano tangu nianze, karatasi nzito, nembo ya rangi. Nikaipeleka kwa mwanasheria, akaangalia tarehe tu, akanirudishia. Malalamiko ya ndani hayasimamishi saa, na hakuna aliyeniambia. Basi yapeleke, maana ukiyaruka bila sababu fidia inaweza kupunguzwa hadi asilimia 25, lakini yaende sambamba na ACAS. Usisubiri wamalize.

Tena enzi zangu kesi ya ubaguzi, kuifungua mpaka kusikilizwa, ilikuwa pauni 1,200. Chama cha wafanyakazi cha UNISON kilizipeleka ada zile Mahakama ya Juu, zikafutwa Julai 2017. Leo kufungua hulipi hata senti.

Sasa sheria yenyewe, Equality Act ya 2010. Lugha haimo kwenye orodha ya vitu tisa vinavyolindwa, usije ukaandika "nimebaguliwa lugha" ukaishia hapo. Kilichomo ni mbari, na ndani yake mna rangi, uraia, na asili ya kabila au taifa. Lugha unaipitishia hapo. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ya kazi iliamua kesi ya mwanamke wa Kipolandi aliyeambiwa asiongee lugha yake wakati wenzake wa lugha nyingine hawakuambiwa kitu. Ulikuwa ubaguzi. Mwaka 2015 mwanamke mzaliwa wa Urusi akashindwa: alikuwa maabara inayofanyia wanyama majaribio, na mwajiri aliogopa wanaharakati kujipenyeza, akataka kuelewa yanayosemwa kwenye simu. Angemkataza yeyote kwa sababu ileile.

Kwa hiyo nguvu yako ni wale Waromania. Andika nani aliongea, siku gani, saa ngapi, meneja alikuwa wapi. Na tuwe wakweli: mkiwa mnamgeuza mzee kitandani halafu mnaongea Kiswahili juu ya kichwa chake, mwajiri ana haki ya kuwakataza, hata mimi ningewakemea. Chai ya mapumziko ni jambo jingine.

Nina swali juu ya rota. Ulipomuuliza meneja, ulitamka ubaguzi, au uliuliza tu kwa nini sisi? Sheria inakataza kulipizwa kisasi kwa kulalamikia ubaguzi, na hilo ni dai la peke yake, linaweza kusimama hata la kwanza likianguka, mradi ulilalamika kwa nia njema. Lakini lazima ionekane ulilalamikia ubaguzi. Kama hukutamka, andika barua pepe sasa, fupi, neno "ubaguzi" liwemo, na asili yako iwemo. Likitokea lolote baada ya hapo, kuna tarehe ya kulipimia.

Ulinzi huu haungoji utimize miaka miwili kazini kama ule wa kufukuzwa isivyo haki. Unaanza siku ya kwanza, na walioletwa na wakala wamo. Viza haikuondoi. Anza pia kutafuta mdhamini mwingine kimyakimya, maana hapo Said hajakosea.

Piga picha ya karatasi ile, lakini usijitumie chochote chenye majina ya wazee, watakugeuzia kibao. Jiunge na chama cha wafanyakazi, ingawa vyama vingi havibebi jambo lililotokea kabla hujajiunga. Na usianze kuota kiwanja Kigamboni: fidia ya kuumizwa hisia, kwa tukio dogo la mara moja, kwa viwango vya 2022 ilikuwa kati ya pauni 990 na 9,900.

Kutoka: Baba Imani, Belfast, 23 Machi

Kwa tulioko huku tu: hiyo ya 2010 haitumiki Ireland Kaskazini. Tuna sheria zetu, na badala ya ACAS ni Labour Relations Agency. Mwendeleeni.

Kutoka: Neema, Leicester, 24 Machi

Mama Tatu, ahsante sana. Nilisema tu "mbona sisi", ubaguzi sikutamka.

Picha niliipiga jana usiku. Leo asubuhi natoka shifti, karatasi haipo, zimebaki pembe nne za selotepu ukutani. Hakuna aliyesema kitu. Rota iko vilevile. Mwenzangu anasema yaishe, karatasi si imetoka. Mimi kalenda nimeshaiwekea alama tarehe 12 Juni, na barua nimeianza, ila nimekwama sentensi ya pili.

Kutoka: Said, Reading, 24 Machi

Nitumie hiyo barua kabla hujaipeleka, nikunyooshee Kiingereza. Bado nasema ni hatari.