Winga ana spidi ila mbio ya nne tu anakata: ni pumzi au nini?

Kocha_Mchangani
Wakuu, jaribio letu ni mita 40 (20 kwenda, unageuka, 20 kurudi), mara 6, pumziko sekunde 20. Winga: 7.1, 7.2, 7.4, 7.6, 7.8, 7.9. Kiungo: 7.5, 7.5, 7.6, 7.6, 7.6, 7.7. Winga anakimbia kilomita 8 barabarani kila asubuhi, hakuna mabadiliko. Tumwongezee umbali?

Msuli_na_Mapafu
Usimwongezee. Kwenye mbio ya nguvu zote ya sekunde 6, karibu nusu ya nishati hutoka kwenye fosfokreatini, akiba ndogo iliyomo ndani ya msuli wenyewe. Inayobaki, nyingi hutoka kwenye glaikojeni (sukari iliyohifadhiwa msulini) inayovunjwa bila oksijeni, na mchango huo hushuka sana kadiri mbio zinavyorudiwa. Akiba ya fosfokreatini ikikaribia kuisha, kurudi nusu tu huchukua kama sekunde 30 hadi 60, kujaa ni dakika kadhaa. Sekunde 20 ni kidogo mno.

Pumzi inaingia hapo, kwenye pumziko kuliko kwenye mbio yenyewe: fosfokreatini hujengwa upya kwa kutumia oksijeni. Na tuache kuitupia asidi ya laktiki lawama zote. Fosfeti inayoachwa fosfokreatini ikivunjika, na potasiamu inayovuja nje ya seli, nazo hudhoofisha msuli.

Saa_Mkononi
Kabla ya dawa, hesabu. Jumla ya winga ni 45.0. Mbio yake bora mara 6 ni 42.6. Gawanya: ameshuka 5.6%. Kiungo ana 45.5 kwa 45.0, yaani 1.1%. Ukisoma asilimia peke yake utampongeza kiungo, kumbe winga kamzidi nusu sekunde kwa jumla!

Huyo kiungo namshuku anatega. Mpime mbio moja akiwa hajachoka. Akitoa 7.1, basi ile 7.5 ya kuanzia ilikuwa ya kujibania. Mbio ya kwanza ikizidi muda wake bora kwa zaidi ya 2.5%, simamisha, mpe dakika 5, anza upya. Kama mnatumia stopwochi ya mkononi, tofauti ya 0.1 msiihesabu, hiyo ni kidole.

Beki_Tatu
Ila kwenye mechi nani anapiga mbio 6 kila baada ya sekunde 20? Mara nyingi pumziko ni refu kuliko hapo.

Msuli_na_Mapafu
Kweli, jaribio limebanwa makusudi, ndiyo maana mazoezi yasiwe nakala yake. Siku moja: dakika 4 mara 4, mapigo ya moyo 90–95% ya kiwango chake cha juu, katikati dakika 3 za mchakamchaka mwepesi. Siku nyingine: mita 30 mara 5 au 6, pumziko sekunde 20–25, seti 2, dakika 4 kati ya seti. Kati ya mbio atembee au asimame. Akichezacheza mbio, miguu inakula oksijeni iliyotakiwa kujenga akiba.

Saa_Mkononi
Ongeza mita 30 mara 4 za spidi kamili, pumziko dakika 3, la sivyo utampunguzia winga kitu pekee anachowazidi wenzake. Zifanyike mwanzoni, baada ya kupasha misuli, kamwe si mwisho wa mazoezi. Ukiona hatua zinafupika au anashika nyuma ya paja, mtoe.