Tupeane uzoefu: kumwachisha pampasi mtoto ambaye bado haongei

Mwanzisha uzi

Habari za humu, wazazi na walezi. Uzi huu ni wa mtoto wa mwaka na nusu hadi mitatu ambaye anatembea, anakula mwenyewe, ukimwambia kitu anaelewa, ila maneno yake ni "mama", "maji" na "hapana" basi. Swali ni lilelile kila siku: atasemaje kwamba amebanwa? Naomba tuweke mbinu zenye vipimo: dakika ngapi, ishara gani, na nini huwa kinaharibu.

Naanza na mimi. Kabla ya kununua poti, angalia mambo matatu. La kwanza kibofu: mchana akae mkavu saa moja na nusu hadi mbili. La pili viungo: achuchumae na kuinuka bila kushikwa, na avute bukta yake hata kama itaishia magotini. La tatu, na hili ndilo kubwa, kuelewa. Kaa bila kunyoosha kidole wala kutupia jicho, mwambie "lete kiatu". Akileta, yuko tayari. Poti inahitaji masikio zaidi ya mdomo.

Asipoleta, jaribu na vitu vingine siku mbili tatu: kikombe, mpira, kanga. Akishindwa vyote, mpeleke kwanza akapimwe usikivu. Mtoto wa miezi 18 anatarajiwa kufuata agizo fupi bila kuonyeshwa kwa mkono, na wa miaka miwili aunganishe maneno mawili, kama "mama maji". Kama hajafika hapo lisemeni kliniki hata kama mambo mengine yote yako sawa.

Mlezi wa dei kea

Asante dada kwa uzi. Watu wengi wanaanza kwa kumkalisha mtoto. Msianze hivyo. Siku tatu za kwanza ni za daftari tu. Mvue pampasi, mvalishe chupi ya pamba au nepi ya kitambaa, kisha mguse kila baada ya robo saa na uandike. Daftari linasomeka hivi:

12:40 asubuhi, mkojo. 1:15, uji. 1:40, haja kubwa. 2:10, mkojo. 3:45, mkojo. 5:20, mkojo.

Hapo tayari mtoto amesema. Anakojoa kila baada ya saa moja na nusu hivi, na haja kubwa inakuja dakika 25 baada ya uji, kwa sababu chakula kikiingia tumboni utumbo mpana nao unaanza kusukuma. Kwa hiyo unampeleka poti dakika kumi kabla ya muda wake, na unamkalisha tena dakika 15 hadi 30 baada ya kula. Dakika tatu hadi tano zinatosha. Ukimshikilia robo saa nzima, kesho akiiona poti tu atakaza miguu.

Pampasi ina unga ndani unaokunywa mkojo ukageuka ute, ngozi inabaki kavu na mtoto hajui kilichotokea. Chupi ya pamba inamlowesha, ndiyo anajua. Tayarisha chupi kumi na bukta sita za mpira kiunoni. Zipu, vifungo, dangirizi na mkanda viweke kabatini mpaka kazi iishe.

Sasa ishara. Chagua moja: kiganja kinapiga chini ya kitovu mara mbili. Kila mkienda poti unasema "kojo", unajipiga wewe, kisha unamshika mkono anapiga lake. Mkojo ukianza kutoka, rudia palepale, maana hapo ndipo ishara inashikana na kile anachokisikia mwilini. Usitarajie aitumie mwenyewe wiki ya kwanza, na mara nyingi ataanza kwa kuionyesha akiwa ameshalowa. Hayo ni maendeleo. Mjibu kama vile amewahi: "Ndiyo, kojo," halafu mpeleke poti.

Neno liwe moja nyumba nzima. Bibi akisema "susu", dada wa kazi "kojo", baba "chooni", mtoto anabebeshwa maneno matatu ya jambo moja wakati hata moja hajaliweza. Na usimuulize "unataka kukojoa?" Mtoto wa umri huu jibu lake ni kutikisa kichwa, kisha analowesha kapeti. Sema tu: "Kojo. Twende."

Wa Pwani

Mbona zamani watoto waliacha nepi kabla hata ya kujua kusema "mama"? Kuna watafiti walioandika mwaka 1977 juu ya Wadigo wa pwani ya Kenya: mama alianza wiki za mwanzo tu baada ya kujifungua. Anakaa chini amenyoosha miguu, mtoto katikati akiangalia mbele, mama anatoa sauti ya "shuu". Kwa haja kubwa anakunja magoti, anampakata mtoto juu ya miguu wakitazamana. Kufikia miezi mitano sita mtoto alikuwa anakojoa akisikia ile sauti, mchana na usiku.

Ila tuseme kweli: mtoto yule alikuwa mwilini mwa mtu kutwa, na aliyembeba alisikia kila anapojinyonganyonga. Kwa mama anayetoka asubuhi kwenda kazini haiwezekani yote. Kinachobaki na kufaa leo ni sauti. "Shuu" unapomkalisha, kila mara, na asiyeongea anaielewa haraka kuliko sentensi.

Baba Pacha

Wakuu, na wale wanaojificha nyuma ya pazia wakifanya mambo yao?

Mlezi wa dei kea

Baba, hiyo ni habari njema. Anayejificha anajua kinachokuja. Iweke poti palepale nyuma ya pazia siku chache, kisha uisogeze hatua mbili mbili kuelekea chooni. Usimfokee wala kumchapa akichafua, maana atajifunza kubana au kutafuta pazia la mbali zaidi. Na hao wa kiume wakae wote kwanza, kidole kikielekeza uume chini. Kusimama kutafuata, la sivyo haja kubwa hamtaipata kwenye poti.

Nesi wa kliniki

Nikazie jambo ambalo asiyeongea hawezi kulalamikia: choo kigumu. Akitoa kinyesi kigumu mara moja kikamuuma, mara ya pili anabana. Kikikaa, maji yake yananyonywa, kinazidi ugumu na ukubwa, kinauma zaidi. Utamwona anasimama kwa ncha za vidole, amekaza matako, anatetemeka, uso mwekundu. Watu wanadhani anasukuma, kumbe anazuia.

Baadaye inakuja hatua inayowachanganya wengi: choo chepesi kinavuja pembeni ya kile kilichoganda na kuchafua chupi mara tano kwa siku. Mama anadhani ni kuhara, anamwondolea matunda, tatizo linaongezeka. Ukibonyeza tumbo kushoto chini ukasikia kitu kigumu, mlete kituoni. Mafunzo ya poti yasimame mpaka choo kiwe laini kwa wiki kadhaa.

Nyumbani: maziwa yasizidi nusu lita kwa siku, maji mara kwa mara, papai, chungwa na nyuzi zake, mlenda au bamia. Kwenye poti miguu ikanyage chini na magoti yawe juu kidogo ya nyonga. Poti ndefu inayomning'iniza miguu inamnyima nguvu ya kusukuma.

Wasichana wachambishwe kutoka mbele kwenda nyuma. Kinyesi cha mtoto kina vijidudu kama cha mtu mzima, hivyo kimwagwe chooni, si uani, na mikono ioshwe kwa sabuni, ya kwako na ya kwake.

Mwanzisha uzi

Nesi, na choo cha shimo? Nyumba nyingi ndicho kilichopo.

Nesi wa kliniki

Usimpeleke shimoni mapema. Tundu ni pana kwa hatua yake, ndani giza, anaogopa kudumbukia, na anayeogopa anabana. Poti ikae mlangoni mwa choo, amwage pamoja na wewe aone vinakoenda. Akizoea, mshike mikono miwili achuchumae juu ya tundu mchana, mlango wazi.

Baba Pacha

Na usiku?

Mlezi wa dei kea

Usiku haufundishwi. Mwili ndio unaojifunza kupunguza mkojo wakati wa kulala, na wapo wanaofika miaka mitano bado wanalowesha. Mwache na pampasi ya usiku mpaka uikute kavu asubuhi saba mfululizo. Siku ya kuivua, tandika ule mpira wa kujifungulia juu ya godoro, shuka, kisha mpira mwingine na shuka nyingine. Akilowesha saa tisa usiku, unavuta tabaka la juu na mnarudi kulala.

Mkiona wiki mbili zimepita na hakuna hata mkojo mmoja uliodondokea kwenye poti, acheni mwezi mmoja. Nepi irudi bila maneno. Ishara ya tumboni endeleeni nayo kila mnapombadilisha.