Wametuwekea nguzo, mwanga hawajatuwekea! Mama mdogo kavunjika mkono

Wakuu, hasira hii nimekaa nayo wiki tatu. Leo naitoa.

Mama yangu mdogo anakaanga samaki kituoni, huku pembezoni mwa Dar. Saa tatu usiku anafunga, anajitwika karai lake na kurudi nyumbani kwa miguu, kilomita moja tu. Barabara hiyo ina taa za sola, zilizinduliwa kwa ngoma na hotuba. Usiku ule alipita chini ya nguzo ya tano, na hatua kama arobaini mbele akatumbukia kwenye mtaro usio na mfuniko. Mkono wa kulia umevunjika. Nilipomfikia pale chini, neno lake la kwanza lilikuwa: "Mwanangu, nimetoka kwenye mwanga, macho yakazima kabisa."

Neno hilo halikuniacha nilale. Mimi ni fundi umeme. Nikaazima kipima mwanga kwa mwenzangu, tukaitembea njia yote na futi kamba. Nguzo 14, kila moja mita 6 kwenda juu, na kati ya moja na nyingine mita 75 na ushee. Chini ya nguzo kipimo kikasoma luksi 28. Katikati ya nguzo mbili, 0.1. Mwezi mpevu wenyewe, anga likiwa safi, unaweza kuizidi hiyo!

Kwa wasioijua luksi: ni kipimo cha mwanga unaofika pale unapokanyaga, si ukali wa taa ukiitazama. CIE, chombo cha kimataifa cha mambo ya mwanga, katika mwongozo wake namba 115 wa mwaka 2010, kimezigawa njia za waenda kwa miguu kwa madaraja, P1 hadi P6. P4 inataka wastani wa luksi 5, na penye giza kuliko pote pasishuke chini ya 1. P6, la mwisho kabisa, linataka wastani wa 2 na pa chini kabisa 0.4. Sisi tuna 0.1. Hata mkiani hatumo.

Msiniambie ni umaskini. Nguzo ya mita 6 inataka mwenzake baada ya mita 20, ikizidi sana 25. Nguzo zile zile 14 zingeweza kuangaza vizuri mita 300 hivi, kituoni na kwenye mitaro, halafu nyingine zikaja bajeti ijayo. Wamezitawanya kilomita nzima ili zionekane nyingi.

Tena vichwa vya taa vimeinuliwa badala ya kutazama chini. Ule mwanga mweupe wa kubluu unakupiga usoni, mboni zinajibana, kisha unaingia gizani ukiwa kipofu kwa muda. Ndicho kilichompata mama mdogo. Bila taa kabisa angetembea taratibu, macho yake yakiwa yamelizoea giza. Madereva wa bodaboda wanalalamika hivyo hivyo: mtembea kwa miguu wanamwona akishafika mbele ya tairi. Taa mbili ndiyo usiseme, zimewekwa chini ya mwembe, paneli haipati jua, saa nne zimeshakufa.

Nikaenda ofisini na vipimo vyangu nimeviandika vizuri kwenye karatasi. Ofisa hakuisoma. Akafungua faili, akaniambia, "Kijana, mkataba unasema nguzo 14. Nguzo 14 zipo."

Hapo ndipo nilipochoka, wakuu. Kazi ilipokewa saa tano asubuhi, jua likiwaka! Taa zinakaguliwaje mchana? Mkandarasi akabidhi kazi usiku, na kipima mwanga kipite njia nzima, kianze pale katikati penye giza, ndipo alipwe. Mkataba utaje luksi za wastani na za chini kabisa, uache kuhesabu vyuma. Na hili liende hadi kwenye maegesho ya masoko na stendi, ambako taa moja kubwa inafungwa ukutani, inawapofusha wanaoingia, na nyuma ya kila gari kunabaki giza la kumficha kibaka.

Mtaro tumeufunika wenyewe kwa mbao. Jumatatu narudi ofisini. Kama mtaani kwenu kuna mkataba wa taa uliotaja luksi, hata mmoja tu, naomba auweke hapa yeyote aliyenao, niuchape niende nao.