MREJESHO: Lile swali langu la "run"

Wakuu, nimerudi. Kwa waliopitwa: bosi wangu Mwingereza alinitumia meseji kwamba jenereta "is still running", nami ninayejua "run" ni kukimbia nikatoka mbio hadi uani. Jenereta ilikuwepo palepale, inanguruma. Alitaka nikaizime tu.

Asanteni kwa majibu. Aliyesema nifungue kamusi kubwa, nimefungua nikachoka. Kamusi ya Oxford ya mwaka 1989 iliipa "set" maana 430, na baadaye "run" ikaipita, maana zaidi ya 600, tena kama kitenzi tu! Sisi tungetumia maneno tofauti: bomba linatiririsha maji, kamasi zinatoka, mtu anagombea ubunge, mwingine anaendesha duka. Kwao yote ni "run".

Ila yule aliyenijibu "na wewe mweleze bosi maana ya piga" alinimaliza. Piga simu, piga pasi, piga mswaki, piga kura. Hapo hakuna aliyepigwa.

Jana meseji nyingine: "we've run out of diesel". Safari hii nilibeba dumu moja kwa moja.